Adabu za Meza ya Kamari: Kutoka Mishale ya Maysir Hadi Tokeni za Poka

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.t.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila mwenye kufuata mwendo wao kwa wema. Ama baad.

Wanavyuoni wana kanuni mashuhuri kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulifahamu. Mufti asiyejua jinsi muamala unavyokwenda hawezi kuutolea hukumu iliyo sawa, hata akiwa amehifadhi matini zote za fiqhi. Kwa ajili hiyo tumeona tuizungumze kamari kwa upande ambao khutba zetu huwa haziugusi, nao ni upande wa adabu zake. Vijana wanaouliza juu ya mchezo wa karata uitwao poka aghalabu hawadai kwamba kamari ni halali. Wanadai kwamba mchezo huu si ile kamari iliyoharamishwa, kwa sababu una kanuni na heshima, hauna wizi, na mshindi hushinda kwa akili yake. Hoja kama hii inataka jawabu la elimu, wala haitoshi kumkemea aliyeileta. Na jawabu lake limo ndani ya historia ya Waarabu wenyewe kabla ya Uislamu.

MAYSIR ILIKUWA NINI?

Wengi wetu tukisikia neno maysir hutujia picha ya walevi wanaogombana gizani. Picha hiyo si ya maysir ya Waarabu. Wafasiri wa Qur'ani, akiwemo Zamakhshari katika tafsiri yake ya aya ya 219 ya Suratul Baqara, wameieleza kwa urefu, na kabla yake Ibn Qutayba aliitungia kitabu kizima. Ilikuwa ni shughuli ya watu wakubwa, ikifanywa hadharani, na zaidi wakati wa baridi na ukame ambapo maziwa hukauka na maskini hukosa chakula.

Utaratibu wake ni huu. Watu hununua ngamia kwa mkopo, humchinja na kumgawa mafungu kumi. Na wengine wamesema mafungu ishirini na nane. Kisha huletwa mishale kumi isiyo na vyembe, kila mmoja una jina lake. Saba kati ya hiyo ina mafungu: al-fadh fungu moja, at-taw'am mawili, ar-raqib matatu, al-hils manne, an-nafis matano, al-musbil sita, na al-mu'alla saba. Ukiyajumlisha utapata ishirini na nane. Mitatu iliyobaki, al-manih, as-safih na al-waghd, haina fungu lolote. Mishale hutiwa ndani ya mfuko uitwao rababa, ikachanganywa, kisha ikatolewa mmoja mmoja kwa majina ya wachezaji. Aliyetokewa na mshale wenye mafungu huchukua mafungu yake. Asiyepata kitu, yeye ndiye hulipa thamani ya ngamia.

Hapa ndipo Waarabu walipopata ule msemo wanaoutumia mpaka leo, wakimsifu mtu kwamba ana mshale wa mu'alla, yaani ana hisa kubwa kuliko wote katika jambo fulani. Wengi wanaoutamka hawajui kuwa wanataja chombo cha kamari.

Tunapenda msomaji atofautishe mishale hii na ile ya kupiga ramli, ambayo ilikuwa ikichezeshwa mbele ya sanamu la Hubal ili mtu ajue asafiri au asisafiri, aoe au asioe. Hiyo ndiyo iliyotajwa katika aya ya 3 ya Suratul Maida. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alipoifungua Makka mwaka wa 8 Hijria (630) alikuta ndani ya Al-Kaaba picha za Nabii Ibrahim na Nabii Ismail (a.s.) wameshikishwa mishale hiyo, akaamuru zitolewe, na akabainisha kwamba wawili hao hawakupata kamwe kupiga ramli kwayo.

ADABU ZA WACHEZAJI WA MISHALE

Tazama sasa uangalifu waliokuwa nao. Anayechanganya mishale, aliyeitwa al-hurda, hakuwa mmoja wa wachezaji. Hufunikwa macho, na mkono wake huzungushiwa kitambaa ili asiweze kuutambua mshale kwa kuupapasa. Nyuma yake huketi mtu mwingine, ar-raqib, yaani mwangalizi, ambaye huupokea mshale uliotoka na kuutangaza. Hakuna mchezaji anayegusa mishale wakati wa kuitoa. Wachezaji wakipungua, mwenye ukarimu huchukua mshale wa pili na wa tatu ili idadi itimie, akabeba hatari ya hasara kwa ajili ya wenzake, na jambo hilo lilikuwa ni sifa kwake.

Kisha ije adabu kubwa kuliko zote. Washindi hawakuila nyama ile. Waliitoa kwa maskini, na wakijifakhiri kwa hilo. Aliyekataa kuingia katika mchezo aliitwa al-baram, neno la kumtia aibu mtu bakhili asiyeshiriki na watu katika gharama. Kwa hiyo katika macho ya Waarabu aliyecheza kamari ndiye mkarimu, na aliyejiepusha nayo ndiye mwenye kulaumiwa!

Basi kamari hii haikukosa uaminifu, wala usimamizi, wala makubaliano ya hiari, wala sadaka. Pamoja na hayo yote, ndiyo ile ile iliyokuja kuharamishwa kwa jina lake.

KUHARAMISHWA KWAKE

Aya ya 219 ya Suratul Baqara imekiri wazi kwamba katika ulevi na kamari mna manufaa kwa watu, kisha ikaeleza kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Wafasiri wamesema manufaa ya kamari yaliyokusudiwa ni mali inayopatikana bila ya jasho, na ile nyama iliyowafikia maskini. Hili ni jambo la kuzingatiwa sana. Qur'ani haikumwambia Mwarabu kwamba wale maskini hawakushiba. Imekubali kwamba walishiba, na bado imehukumu kwamba mizani imeelemea upande wa madhara.

Kisha zikateremka aya za 90 na 91 za Suratul Maida, zikaihesabu kamari pamoja na ulevi, masanamu na mishale ya ramli kuwa ni uchafu katika kazi za shetani, na zikataja sababu mbili: kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na swala. Wala haikutajwa sababu ya udanganyifu. Lau illa ya kuharamishwa ingekuwa ni wizi, basi ingelitosha kuamrishwa uaminifu, kama ilivyoamrishwa katika vipimo na mizani.

Tabari amepokea kutoka kwa Qatada kwamba mtu wa zama za Jahiliya alikuwa akicheza kamari kwa kuweka dau watu wake na mali yake, kisha akakaa na huzuni, amenyang'anyika, akiitazama mali yake ikiwa mikononi mwa mwingine, na hilo likawarithisha uadui. Mtu huyu hakuibiwa. Ameshindwa kwa kanuni alizozikubali mwenyewe, mbele ya mwangalizi aliyemwamini. Na chuki imeingia vile vile.

ADABU ZA MEZA YA POKA

Tuje kwenye meza ya leo. Poka ilienea Marekani mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka mji wa New Orleans, ikapanda na meli za moshi za mto Mississippi. Mwanzo ilichezwa kwa karata 20 baina ya watu wanne, baadaye ikatumia karata zote 52. Dau la wakati huo lilikuwa sarafu, vipande vya dhahabu na hata dhahabu ya unga. Ili hesabu iwe nyepesi zikatumika tokeni, yaani vidude vya duara vya mfupa, pembe za ndovu au udongo, vyenye rangi mbalimbali na kila rangi ina thamani yake. Mwaka 1970 yakaanza mashindano ya kila mwaka katika mji wa Las Vegas, na mwaka 2003 mtu aliyepata nafasi yake kupitia intaneti akawashinda washindani wenzake, wote wakiwa 839, akaondoka na dola milioni mbili na nusu. Tangu hapo mchezo ukaingia katika nyumba za watu wa kila nchi.

Meza hii ina adabu zake, na anayezivunja hulaumiwa. Tokeni zenye thamani kubwa sharti ziwekwe mbele zionekane, zisifichwe nyuma ya ndogo, ili kila mtu ajue mwenziwe ana kiasi gani. Hairuhusiwi kuzitia mfukoni mchezo ukiwa unaendelea, wala kuongeza nyingine kutoka mfukoni baada ya karata kugawiwa. Mtu hupoteza kile tu kilichoko mezani. Kila mmoja husubiri zamu yake. Kauli humfunga msemaji: akitamka katika zamu yake kwamba anapandisha dau, hana ruhusa ya kurudi nyuma. Asiyetamka lazima asukume tokeni zake zote kwa mara moja. Haruhusiwi kuweka kidogo, akaangalia nyuso za wenzake, kisha akarudisha mkono kuongeza. Akiweka tokeni moja kubwa bila ya kusema neno, huhesabiwa kuwa amelipa kiasi cha aliyemtangulia tu. Tena hazirushwi juu ya lile fungu la katikati, bali huwekwa mbele ya mchezaji ili mgawaji azihesabu kwanza.

Mwanafunzi wa fiqhi akizisoma kanuni hizi atahisi kama anasoma mlango wa biashara. Mna ndani yake kauli inayofunga, mna kikao kimoja, mna kubainisha kiasi na kuondosha ujinga. Ndiyo maana kijana mwerevu huvutiwa nazo. Lakini sharti za mkataba hutazamwa baada ya kuthibiti kwamba kinachofungiwa mkataba ni halali. Mwenye kuuza pombe kwa kipimo cha haki hajaihalalisha pombe. Amekuwa mwaminifu katika kipimo tu, na haramu imebaki pale pale.

Tena tujiulize, kwa nini tokeni kubwa ziwekwe mbele? Kwa sababu kila aliyeketi pale anakusudia mali ya mwenziwe, na wote wanalijua hilo. Adabu zote hizi ni uzio wa kuzuia watu wanaowindana wasivamiane. Katika biashara ya halali muuzaji na mnunuzi wanaweza kuinuka wote wawili wakiwa wamefaidika, huyu kwa bidhaa na huyu kwa thamani. Mezani pale, anachokipata mmoja hakina chimbuko isipokuwa mfuko wa mwingine. Na ikiwa ni kasino, mwenye nyumba naye hukata sehemu yake. Hiyo ndiyo maana ya kamari aliyoieleza Ibn Qudama katika Al-Mughni: kila mshiriki hatoki nje ya kupata au kupoteza.

JE, TOKENI SI MALI?

Baadhi ya watu husema kwamba wao hawachezei fedha bali vidude tu. Jawabu ni kwamba kanuni ya fiqhi huzingatia makusudio na maana za mikataba, si matamko na sura zake. Tokeni inayonunuliwa kwa fedha dirishani na kurudishwa kwa fedha wakati wa kuondoka ni hati ya deni juu ya mwenye nyumba. Anayeisukuma amesukuma mali yake. Zaidi ya hayo, imemrahisishia kuipoteza, maana mkono unaosita kutoa noti ya kodi ya nyumba hausiti kusogeza kidude cha rangi.

Wema waliotangulia walilifunga pengo hili mapema. Imepokewa kutoka kwa Mujahid, Ata' na Tawus kwamba kila lenye dau ni maysir, hata mchezo wa watoto wa kushindania kokwa za jozi. Kokwa hizo ndizo tokeni za watoto wa zama zile. Ama kucheza bila ya dau lolote, hiyo ni mas'ala nyingine. Imam Malik amenukuliwa akiigawa maysir mafungu mawili, ya upuuzi na ya dau, na katika Sahihi ya Muslim limekuja onyo kali juu ya mchezo wa nard, kwamba mwenye kuucheza ni kama aliyechovya mkono wake katika nyama na damu ya nguruwe. Kwa hiyo aliyezoea adabu za meza bila ya dau asijione yuko mbali. Amekwisha kujifunza njia, imebaki safari.

HOJA YA UFUNDI

Watasema: poka ni akili, na maysir ilikuwa bahati tupu. Tunasema, Mtume (s.a.w.) ameruhusu zawadi ya mashindano katika mambo matatu: ngamia, farasi na mishale ya kulenga shabaha, kama walivyopokea Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai. Lau ufundi peke yake ungekuwa ni sababu ya ruhusa, isingekuwa na maana kuyahusisha matatu haya, kwani fani za watu ni nyingi. Yameruhusiwa kwa sababu ya kuuandaa umma kujihami. Na hata katika hayo, wengi wa wanavyuoni wameshurutisha kwamba wote wawili wakitoa dau aingie mtu wa tatu asiyetoa kitu, aitwaye muhallil, ili sura ya kamari iondoke. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim hawakuliona sharti hilo kuwa la lazima. Tazama pia sataranji. Mna ufundi gani kuliko ule? Wametofautiana ikiwa haina dau, lakini hawakutofautiana kwamba ikiwekwa dau ni haramu.

Ama kisa cha Abu Bakr (r.a.) kuwekeana dau na Makureshi juu ya ushindi wa Warumi dhidi ya Wafursi, wakati ilipoteremka Suratur Rum, Tirmidhi amekipokea na imebainishwa humo humo kwamba kilikuwa kabla ya kuharamishwa. Haifai kukitoa kisa katika tarehe yake.

KARATA ZIMEPITA MIKONONI MWETU

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya wageni tu. Katika jumba la Topkapı mjini Istanbul zimehifadhiwa karata za zama za Mamaluki wa Misri, ambazo mtafiti L. A. Mayer alichapisha maelezo yake mwaka 1939. Zina aina nne: panga, fimbo za polo, vikombe na sarafu, na wakubwa wake ni malik, naibu wa malik na naibu wa pili. Kutoka katika neno hilo naibu ndipo Wahispania walipoziita karata naipes, na mji wa Florence ulipopiga marufuku mchezo wake mwaka 1377 uliutaja kwa jina la namna hiyo hiyo. Wareno nao wakaziita aina zao copas, ouros, espadas na paus, yaani vikombe, dhahabu, panga na fimbo. Baada ya Vasco da Gama kufika pwani yetu mwaka 1498, maneno hayo yakaingia katika Kiswahili: kopa, uru, shupaza na pao. Kwa hiyo kijana anayecheza karata barazani Unguja au Mombasa anatamka, bila ya kujua, majina ya karata za Misri yaliyozunguka Ulaya na kurejea kwake. Hatuyataji haya kwa kujifakhiri. Tunayataja ili ijulikane kwamba mtihani huu si mpya kwa umma wetu.

NYAMA YA MASKINI

Imebaki hoja ya mwisho, nayo ndiyo nzito zaidi katika zama hizi. Nchi nyingi zimeihalalisha kamari kwa sheria. Tanzania, kwa mfano, ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Watu husema kodi yake hujenga shule, udhamini wake husaidia timu za vijana, basi kwa nini tuipinge? Hoja hii ndiyo ya wachezaji wa mishale, kwa maneno mengine. Nao walilisha maskini, tena kwa ukarimu zaidi, kwani mshindi wao hakubakisha kitu.

Sharia haikuwaacha maskini wale na njaa ilipoifunga rababa. Imeleta zaka, ikaleta kafara za kulisha, ikaleta udhhiya na hadyi. Jabir (r.a.) amesimulia, kama ilivyo katika Sahihi ya Muslim, kwamba mwaka wa Hudaybiya, nao ni wa 6 Hijria (628), walichinja ngamia mmoja kwa niaba ya watu saba. Hatusemi kwamba idadi hiyo imewekwa kwa kujibu mishale saba, kwa kuwa hatuna dalili ya hilo. Lakini linganisha picha mbili hizi. Ngamia ni yule yule, washirika ni wale wale, na nyama inamfikia maskini yule yule. Kilichoondoka ni mshale. Katika picha ya kwanza aliyeshindwa amelipa kwa uchungu, na mshindi amesifiwa kwa mali ya mwingine. Katika ya pili kila mmoja ametoa sehemu yake sawa na mwenziwe, akijua anachokitoa na anamtolea nani, na hakuna anayeinuka akimchukia jirani yake.

NASAHA KWA MAIMAMU NA WANAFUNZI

Kwanza, tusiwahutubie watu kana kwamba kila mcheza kamari ni mwizi au mlevi. Atakayetusikia na huku anamjua mchezaji mpole na mwaminifu atadhani kwamba hatujui tunalolisema. Tumweleze kwamba upole wake ni mzuri, na mchezo wake ni haramu.

Pili, tuwafungulie mlango wanaotaka kutubia. Mtume (s.a.w.) amemuamuru aliyemwita mwenziwe waje kucheza kamari atoe sadaka, kama ilivyo katika Sahihi mbili, na hiyo ni kwa kutamka tu, seuze aliyecheza. Mali iliyopatikana kwa njia hiyo asili yake ni kurejeshwa kwa mwenyewe. Asipojulikana, hutolewa kwa maskini kwa nia ya kujitakasa nayo.

Tatu, msikiti na madrasa visipokee fedha ya kamari kwa hoja ya haja. Iwapo jamaa wa mtaa wanaweza kushirikiana kununua ngamia au ng'ombe wa udhhiya, wanaweza pia kushirikiana kuezeka paa la chuo. Kila imamu na aanze na kikao kidogo cha watu saba mtaani kwake, kila mmoja atoe alichonacho bila ya kubahatisha.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.t.) atutosheleze kwa halali yake tusiihitajie haramu, na awarejeshe vijana wetu katika chumo lenye baraka. Wallahu a'lam. Wa sallallahu ala Nabiyyina Muhammad, wa ala alihi wa sahbihi wa sallam.